Mama Kaimu Hakuulizwa

Watu wa mlimani walidhani Kaimu ni jina la ukoo. Wala siwacheki, maana hata mimi nilipoanza kazi pale tawi la benki la Moshi, msichana wa mtaa wa Soweto hapahapa mjini, ninayejua Kichagga cha sokoni tu, ilinichukua muda kuelewa. Kila aliyeingia aliuliza, "Mama Kaimu yupo?" Mlinzi mlangoni alijibu, "Yupo, subiri akuite." Na ukilisikiliza vizuri, jina lenyewe limekaa Kichagga kabisa. Siku moja mzee mmoja wa Kibosho, mkulima wa kahawa, alivua kofia, akamkazia macho Mama Kaimu.

"Hivi nyie akina Kaimu ni wa wapi hasa? Nimeuliza mpaka Marangu, hakuna anayewajua."

"Sisi ni wa hapahapa benki, baba," alimjibu bila hata kutabasamu. "Ukoo wetu hauna kihamba."

Sasa, kihamba kwa Mchagga ni lile shamba la migomba linaloizunguka nyumba, ndipo anapozaliwa na ndipo anapozikwa. Ukoo usio na kihamba ni msiba. Yule mzee aliguna kwa masikitiko, akaondoka, na kesho yake akamletea mkungu wa ndizi wa kumpa pole. Tuligawana ofisi nzima.

Kaimu haikuwa ukoo, ilikuwa kazi yake. Meneja wa tawi akihamishwa, yeye aliyekuwa msaidizi aliambiwa ashike nafasi mpaka apatikane mwingine. Huyo mwingine akipatikana, alikuwa mwanaume, mdogo kwake kwa umri, na mara nyingi hajawahi kukanyaga Moshi. Mama yetu alirudi kwenye usaidizi wake, akamfundisha kazi, na kijana akishaiva alipelekwa tawi kubwa zaidi. Mama akakaimu tena. Ilikwenda hivyo miaka na miaka mpaka anastaafu, na kwenye sherehe ya kumuaga, mshereheshaji, jamani, alimtangaza kwenye kipaza sauti: "Tunamwalika kaimu meneja mstaafu!" Nilitamani kumrushia chupa ya soda.

Namkumbuka sana siku hizi, na sababu ni yangu mwenyewe. Meneja wetu wa sasa amehamishwa, na Jumapili moja mchana, nikiwa nakuna nazi, meneja wa kanda alinipigia. "Mama, kaa kwanza hapo, utukaimie," aliniambia kwa sauti tamu. Nikasema asante. Nilipokata simu niliiacha ile nazi nusu. Nilijua kabisa ninaingizwa wapi, kwa sababu nilishamwona mtu akiingia humo kijana, akatoka na mvi. Jumamosi iliyofuata nikapanda Machame, kijijini kwake, kumtafuta. Nitafika huko. Lakini usipojua alikuwa mtu wa namna gani, yaliyotokea siku ile hutayaelewa.

Alikuwa mrefu, mwembamba, wa kuvaa sweta hata Januari, wakati Moshi yote inatoka jasho. Alisema baridi ya Machame imemwingia kwenye mifupa haitoki. Sauti yake ilikuwa ya chini, nawe ulipaswa kunyamaza umsikie. Hakuwa mtu wa kugomba. Akikasirika alianza kupanga vitu mezani: kalamu, mhuri, gundi, kimoja baada ya kingine, na sisi wote tuliokaa dirishani kuhudumia wateja tulijua leo kuna mtu ataisoma namba. Alikuwa mbahili wa sukari ya ofisi kupita kiasi, akaifungia kabatini, lakini mteja mwenye njaa akifika alimnunulia chapati kwa hela yake na kumkalisha kwenye kochi la wageni. Nilimuuliza kwa nini sukari inafungwa na chapati zinagawiwa. Akasema, "Sukari ni ya benki."

Jambo lake lililojulikana mji mzima ni kiti. Alipokaimu, hakukalia kiti kikubwa cha meneja, kile cha ngozi. Alikisogeza dirishani, akaweka sweta lake juu, kisha mlinzi akamsukumia kiti chake cha siku zote, kile cha magurudumu yanayolia, kutoka kwenye meza yake mpaka ofisi ya meneja. Mlinzi akisukuma kuingia, tulijua meneja ameondoka. Akisukuma kutoka, tulijua meneja mpya yuko njiani. Hakuna aliyehitaji kusoma tangazo ubaoni. Mlinzi mwenyewe alikuwa mcheshi, akipita na kile kiti mbele ya foleni alipiga kelele, "Pisheni, mgonjwa anarudishwa wodini!" Watu wakacheka. Mama Kaimu naye alicheka, akitembea nyuma ya kiti chake na mkoba mkononi.

Mara moja tu nilimuuliza kwa nini hakalii kile cha ngozi.

"Nikishakizoea," alisema, "siku ya kuinuka itaniuma."

Nilikuwa mdogo, nikaona ni unyenyekevu. Leo naona alikuwa anajikinga, na inaniuma kuliko kama angekuwa mnyenyekevu tu.

Mameneja wale wapya alikuwa akiwapokea stendi yeye mwenyewe. Aliwatafutia nyumba ya kupanga, akawaonyesha fundi nguo, akawafundisha mji. Mzee fulani usimjibu umesimama. Mama fulani akisema atakuja kesho, atakuja baada ya kuvuna. Ukienda msibani Old Moshi ukaletewa mbege, ile pombe ya ndizi, weka midomo hata kama hunywi, kisha mpe wa pembeni. Walimpenda, siwezi kusema uongo. Walimwita "mama". "Mama atatusaidia hilo." "Mama, hebu tuambie kile cha mwaka juzi." Mgeni mkubwa akija, meneja alimtambulisha: "Huyu ndiye mama yetu hapa," na mgeni, kwa kusikia mama, alimwomba chai.

"Na ulimletea?" nilimuuliza siku moja.

"Nilimwagizia. Halafu nikakaa nikamweleza hesabu za tawi mpaka chai ikapoa." Akapanga kalamu zake. "Mama ni cheo cha nyumbani, mwanangu. Hapa kinakukalisha vizuri, halafu kinakukalisha hapohapo."

Lakini ukimwita jina lake bila "mama", ole wako! Kijana mmoja aliyetoka chuoni alijaribu, akapangiwa kalamu mpaka akaomba radhi. Ndivyo alivyokuwa. Neno lilelile lililomfunga alilidai kwa heshima zake zote.

Desemba peke yake ndiyo ilikuwa mali yake. Mnajua Desemba ya kwetu. Wachagga wote waliotawanyika wanarudi nyumbani, barabara ya kupanda mlimani inajaa magari ya Dar, na benki inafurika mpaka nje. Mameneja wetu, kwa kuwa walitoka mikoa mingine, nao walichukua likizo wakaenda kwao. Kwa hiyo kila Desemba kiti kilisukumwa kuingia. Wenye maduka Kariakoo, wenye malori, madaktari, wote walimkuta yeye kwenye ofisi ile mwaka hadi mwaka, na kwa kuwa hawakuwahi kufika mwezi mwingine wowote, wao walijua tawi la Moshi lina meneja mmoja tu tangu dunia iumbwe, naye ni mwanamke. "Meneja wetu, mbona huzeeki?" walimwambia. Hakuwasahihisha. Mwezi ule alikuwa na sauti nyingine kabisa. Alitembea ukumbini kifua mbele, akawatania watu kwa Kichagga, akawafokea walioruka foleni. Januari kiti kilirudi nje, naye akarudi kuongea chini.

Ijumaa, kinyume chake, haikuwa yake kabisa. Ijumaa jioni wanaume wa ofisi walikutana na wakubwa wa kanda kwenye baa ya nyama choma, na Jumatatu tulisikia fulani kapelekwa kozi, fulani kapewa kitengo cha mikopo mikubwa. Mama Kaimu hakuwa mjinga. Ijumaa moja alijifunga kibwebwe akaenda. Aliagiza soda na ndizi za kuchoma, akakaa katikati yao. Alinisimulia mwenyewe, huku akifuta machozi ya kicheko: mazungumzo yalikufa papo hapo. Mmoja akaanza kuulizia kwaya yao ya Machame inaendeleaje. Mwingine akaficha bia chini ya meza, mtu mzima na ndevu zake! Wakaongea mambo ya kipaimara mpaka nyama ikapoa.

"Ijumaa iliyofuata je?"

"Walihama baa. Hakuna aliyeniambia wameenda ipi."

Na mimi, amenifanyia nini? Nimeshamlaumu na nimeshamwombea dua, vyote viwili kwa siku moja. Nilipopata mimba ya kwanza nilikuwa nimeanza tu kupewa kazi ya mikopo, ya kutoka nje kuonana na wakopaji. Aliniita. Nilidhani atanipongeza. "Umepanga vibaya," alisema. "Ungesubiri wakuthibitishe." Nililia chooni, nikamwita mchawi, astaghfirullah. Nilipojifungua, aliyekuwa wa kwanza kubisha hodi kwetu Soweto, kabla hata ya mashangazi, ni yeye, amebeba chupa kubwa ya chai iliyojaa mtori. Mtori ule wa ndizi na nyama, uliopondwa mpaka unateleza wenyewe kooni. Akaninywesha kama mtoto. Mama yangu akampenda siku hiyohiyo. Na alipokuwa anatoka, mkono kwenye kitasa, akanigeukia: "Likizo ikiisha, rudi asubuhi ya kwanza. Usiombe hata siku moja ya ziada. Wanaihesabu hata usipoiomba."

Nikarudi asubuhi ya kwanza. Meza yangu ya mikopo ilishapewa kijana mmoja, na mimi nikarudishwa dirishani, eti kwa sababu nina lugha nzuri kwa wateja na sasa nina mtoto mdogo, nitasumbuka na safari. Hakuna aliyeniuliza kama nitasumbuka. Mama Kaimu alikuwa msaidizi wakati huo, kiti kiko nje. Alipanga vitu mezani asubuhi nzima. Mchana akaingia kwa meneja, akatoka, akanijia.

"Utachukua mikopo ya Chekereni."

"Chekereni, mama? Kule bondeni kwenye mpunga?"

"Kwenye mpunga, kwenye tope na mbu. Hakuna mwanaume humu anayeitaka, kwa hiyo hawatakunyang'anya."

Ndivyo alivyofanya mambo. Hakupigania kiti kizuri. Alikutafutia kibaya kisicho na mwenyewe, halafu akakuacha ukikalie mpaka kiwe kizuri. Kwangu kilifaa. Nilivaa mabuti aliyonipa, nikajifunza mifereji na misimu, nikawajua wanawake wa mashamba yale kwa majina na majina ya watoto wao, na baada ya muda Chekereni ikawa inaliinua tawi zima. Lakini kwake yeye mwenyewe njia hiyo haikumfikisha popote, na nadhani alilijua hilo wakati ananipa yale mabuti.

Chekereni ndiko kulikotoka kichekesho kilichomkalisha kimya Mama Kaimu. Wanawake wa huko walianzisha kikundi cha kuweka na kukopa, wakaja kufungua akaunti. Nikauliza jina la kikundi. Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu shambani, akasema, "Kikundi cha Kaimu."

Nikadhani anatania. Mama Kaimu, ambaye siku hiyo alikuwa ndani ya ofisi ya meneja na kiti chake kinacholia, akatoka. Akawaeleza kwa upole kwamba kaimu si jina zuri la kikundi. Kaimu ni mtu anayeshika nafasi isiyo yake kwa muda, mwenyewe akija anaondoka.

Wakatazamana. Mwenyekiti akasema, "Sisi hatujui hayo. Sisi tunajua ukifika benki ukakuta Kaimu, umesikilizwa. Ukikuta yule mwingine, unaambiwa urudi na mume wako."

"Ni kweli," wenzake wakaitikia.

Hawakubadilisha. Mama Kaimu aliidhinisha akaunti yenyewe, akarudi ndani, akafunga mlango, na hakutoka mpaka saa ya kufunga. Kikundi kipo mpaka leo, na wanawake wa kule wanapogombania uongozi wanasema, "Mwaka huu Kaimu ni nani?" wakiwa na maana ya mkubwa wao.

Na kulikuwa na lile neno la sahihi. Kwa kuwa hakuwa meneja, kwenye barua zote aliandika juu ya sahihi yake Kny, yaani kwa niaba ya, Kny Meneja wa Tawi. Aliandika Kny hiyo mpaka mkono ukaizoea. Kwenye kitabu cha rambirambi aliandika Kny. Na siku binti yake anaolewa, usharikani kwao Machame, kanisa limejaa, tarumbeta ziko nje zinasubiri, mama wa bibi harusi aliitwa kusaini kama shahidi. Nilikuwepo, nimekaa nyuma na kilemba changu. Akainama, akasaini. Mchungaji akaangalia karatasi, akaangalia tena, akasogea kwenye kipaza sauti.

"Kwa niaba ya nani, mama?"

Kanisa zima likacheka mpaka mishumaa ikatikisika. Naye alicheka, akafuta, akaandika upya. Lakini nilimwona anavyorudi kwenye benchi. Alikuwa anatembea polepole, midomo inajisemea kitu.

Sasa nifike kwenye lile la mume wake, ambalo aliniambia mara moja tu. Mume wake ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu mpole, mfugaji, wote tunamwita Mwalimu. Wakati meneja wa kanda wa zamani anastaafu, tulialikwa kumuaga. Mzee yule, amechangamka, sahani mkononi, alimshika Mama Kaimu bega mbele ya watu akasema, "Huyu angekuwa meneja kamili zamani sana! Nilitaka kumpeleka Sumbawanga. Nikampigia mzee wake, kiungwana tu, mwanaume kwa mwanaume, nikamuuliza itakuwaje. Mzee akaniambia haitawezekana. Nikasema basi, ndoa ya watu nisiivunje."

Watu wakapiga makofi kwa busara yake. Mama Kaimu naye akapiga. Mimi nilikuwa pembeni yake, nikaona mikono inapiga na uso umesimama.

Siku hiyo ndiyo alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza kwamba aliwahi kupewa tawi. Watoto walikuwa wadogo wakati ule, ni kweli. Lakini dada yake alikuwa tayari kuwalea, na yeye mwenyewe, aliniambia, angekwenda Sumbawanga kwa miguu.

"Mwalimu alisemaje ulipomuuliza?" nilimdadisi baada ya siku chache.

"Alisema alidhani najua. Alisema aliulizwa kama anaweza kubaki na watoto peke yake, akasema hawezi. Na kweli alikuwa hawezi, hata uji ulikuwa unamshinda." Akavuta sweta lake. "Simlaumu sana. Yeye aliulizwa, akajibu. Mimi ndiye sikuulizwa."

Alisema hivyo kwa utulivu wa mtu anayetaja bei ya maharage, na mimi ndiye niliyejaa hasira. Niliporudi nyumbani nilimvamia mume wangu gereji, mikono yake imejaa grisi, maskini hajui hili wala lile. "Ofisini kwetu wakikupigia kukuuliza kama nihamishwe, utasemaje?" Akafikiri kidogo. "Nitawaambia wamekosea namba," akasema, akarudi chini ya gari. Ndiyo maana naishi naye mpaka leo.

Basi, Jumamosi hiyo nikapanda Machame. Nilimkuta barazani, sweta mwilini, anachambua maharage kwenye ungo. Amezeeka. Sauti imekuwa ndogo zaidi. Mwalimu alikuwa hatua chache tu kando ya nyumba, chini ya migomba, anakatakata majani ya ng'ombe kwa panga juu ya gogo, kofia kichwani. Nikawaamkia wote wawili, shikamoo, marahaba. Mama Kaimu akaniletea maziwa ya moto kwenye kikombe cha bati na ndizi mbivu, akauliza habari za mama yangu, za watoto, za mlinzi wetu. Halafu akauliza kilichonileta.

"Mama, wameniambia nikaimu."

Mikono ikaacha maharage. "Umewajibuje?"

"Nimesema asante."

"Mae!" akasema, na kwa Kichagga hiyo ni mshangao na kilio pamoja. "Hata mimi nilisema asante. Kila mara. Nadhani ndiyo waliyokuwa wanaifuata." Akasogeza ungo pembeni. "Umemuuliza unamkaimu nani?"

"Simkaimu mtu, mama. Aliyekuwepo ameshapewa tawi lingine, na anayekuja hajapatikana."

"Mchungaji aliniuliza hilo swali mbele ya kanisa zima, sikuwa na jibu. Wewe waulize wao. Mpigie huyo meneja wa kanda."

"Sasa hivi? Leo Jumamosi."

"Yeye alikupigia lini?"

"Jumapili."

"Basi umemzidi adabu. Piga. Na uweke sauti kubwa, masikio yangu nayo yamestaafu."

Nikapiga. Akapokea, mchangamfu, akaniuliza kama kuna tatizo tawini.

"Hakuna, bosi. Nina swali moja tu. Namkaimu nani?"

Panga la Mwalimu liliendelea kukata majani, taratibu.

"Unamkaimu... si huyo aliyeondoka?"

"Huyo ana ofisi yake nyingine. Anayekuja ni nani?"

"Hajapatikana bado, mama."

"Basi niiombe mimi hiyo nafasi. Sitaki kuishika, nataka kupewa."

Akacheka, kicheko cha kirafiki. "Mama, wewe ni jembe letu, hilo halina ubishi. Lakini umeneja ni kuhamahama. Moshi inatakiwa na watu wengi. Iliyo wazi kwelikweli, na ninayohitaji mtu mwezi huu, ni Mpanda. Sasa, Mpanda na wewe una familia..." Akashusha sauti. "Mzee nyumbani atasemaje? Au nipe namba yake nimpigie mwenyewe, tuongee kiume."

Panga likanyamaza.

Sikuthubutu kugeuka upande wa Mwalimu. Nilimtazama Mama Kaimu, naye alikuwa ananitazama mimi, kidevu kimeinuka, kama mtu anayemsubiri mtoto aseme shairi alilomfundisha.

"Namba yake ya nini, bosi?" nikasema. "Anayehamishwa ni mimi. Niulize mimi."

Ng'ombe alilia bandani. Bosi akakohoa, na alipoongea tena ile sauti tamu ilikuwa imemtoka, akawa mtu anayeongea na mfanyakazi mwenzake.

"Haya. Nakuuliza wewe. Meneja kamili, tawi la Mpanda. Utakwenda?"

Nilifungua mdomo.

"Nitakwenda," alisema Mama Kaimu.

Hakusema kwangu wala kwa simu. Alikuwa ameangalia kwenye migomba, pale Mwalimu aliposimama, panga limening'inia mkononi. Mwalimu akavua kofia yake polepole, akaishika kifuani.

"Sijakusikia vizuri, mama," simu ikasema. "Umesemaje?"

"Nitakwenda," nikasema na mimi.